Mwaloni Niliouotesha Mara Tatu

Neno mwaloni nililijua miaka mingi kabla sijauona mti wenyewe. Katika kanisa la kijijini kwetu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, tulisomewa habari za Abramu aliyekaa kwenye mialoni ya Mamre na za Absalomu aliyenaswa kichwa katika matawi ya mwaloni mkubwa huku nyumbu wake akiendelea na safari, na kila mtoto aliyeketi kwenye mabenchi yale aliupa mti huo sura ya mti alioufahamu. Mimi niliupa sura ya mkuyu uliokuwa kando ya mto wetu. Baadaye, nilipoanza kumsaidia mjomba wangu katika karakana yake ya useremala, nilisikia wateja kutoka Nairobi wakiagiza makabati na viti vya Meru oak, na mtu mmoja aliyesoma akatuambia kwamba oak ndiyo mwaloni. Basi nikayaunganisha mambo hayo mawili, nikakua nikiamini kwamba mti wa Abramu ulikuwa ukiota nyuma ya nyumba yetu.

Haukuwa mwaloni. Mti ambao Wameru huuita muuru, na Wakikuyu muhuru, ni Vitex keniensis, mti wa asili wa Kenya unaopatikana hasa katika misitu inayouzunguka mlima ule, na ndugu zake wa karibu ni mifudu, ile miti ambayo watoto wa pwani hula fudu zake nyeusi mpaka ndimi zikabadilika rangi. Jani la muuru lina vijani vitano vilivyotandazwa kama vidole vya mkono. Mwaloni wa kweli, yaani mti wa jenasi ya Quercus, una jani moja lisilogawanyika kuwa vijani, na tunda lake ni kokwa ngumu iliyovaa kofia. Spishi zake duniani zinapita 400, na Mexico peke yake ina zaidi ya 150. Katika bara letu hupatikana kaskazini tu, katika nchi kama Morocco, Algeria na Tunisia, na kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Hata mgrevilea uliojaa mipakani mwa mashamba yetu, ambao kwa Kiingereza huitwa mwaloni wa hariri, ni mgeni kutoka Australia usio na undugu wowote na mwaloni. Kwa hiyo mtu wa kwetu anaweza kuzeeka akiwa amekalia mialoni miwili ya jina bila kuuona mmoja wa kweli.

Mimi niliuona huko Minnesota. Nilihamia huko mwaka 2008, na mwaka 2012 tukanunua nyumba ndogo katika kitongoji kilicho kaskazini mwa Minneapolis, mahali ambapo Wakenya ni wengi kiasi kwamba siku ya Jumamosi humalizi kununua unga bila kusalimiwa kwa Kiswahili. Katika ua wa jirani yangu, bibi mmoja aliyekuwa amepita miaka 80, ulisimama mti ambao sikuweza kuacha kuutazama. Gome lake la kijivu lilikuwa limepasuka mifereji mirefu, nene kiasi kwamba kidole changu kilizama mpaka kiungo cha kwanza. Matawi yake ya chini, kila moja nene kama shina la mti mwingine, yalikwenda kwa ulalo hata yakafika juu ya paa letu. Nilipomuuliza bibi yule ni mti gani, alisema kwamba mti ulikuwapo kabla ya nyumba yake, kabla ya barabara, na kabla ya shamba ambalo nyumba zetu zote zilijengwa juu yake, kisha akanitajia jina: bur oak. Neno bur kwa Kiingereza humaanisha zile mbegu zenye vimiiba ambazo hushika nguo unapopita vichakani, na mti umepewa jina hilo kwa sababu ya kofia ya kokwa yake, ambayo ukingo wake umezungukwa na manyoya magumu yaliyojikunja. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, André Michaux, aliuandika mwaka 1801 kwa jina la Quercus macrocarpa, yaani mwaloni wa tunda kubwa, na hakukosea, kwa maana hakuna mwaloni wa asili wa Amerika Kaskazini wenye kokwa kubwa kuliko zake, ingawa kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo kokwa hizo zinavyopungua ukubwa, na za Minnesota ni ndogo ukizilinganisha na za Texas.

Bibi yule aliongeza jambo lililonikaa moyoni. Alisema kwamba mti wake ukianguka hakuna mwingine mtaani utakaoshika nafasi yake, kwa sababu kila kokwa inayochipuka chini yake hukatwa na mashine ya nyasi kabla haijafikisha mwezi. Siku hiyo ndipo nilipoamua kuotesha mmoja, na kwa kuwa nimelelewa kwenye shamba nilidhani kazi hiyo ingenichukua msimu mmoja.

Kwa mazoea ya kwetu, mbegu ni kitu kikavu. Mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya meko, na mama hakuwahi kupanda haragwe ambalo halikulia kama kokoto lilipodondoshwa kwenye ungo. Mwezi wa Septemba mwaka 2012 mti wa jirani ulizaa, nami nikaokota kokwa ndoo nzima, nikazianika dirishani penye jua, nikazigeuza kila siku, na zilipokuwa nyepesi na zenye kulia nikazifunga katika mfuko wa karatasi mpaka majira ya kuchipua. Niliziatika mwezi wa Mei. Mpaka katikati ya Julai hapakuwa na kitu chochote, na nilipofukua nilikuta maganda matupu yenye unga wa kahawia ndani yake. Nilimpigia mama simu.

"Mama, mbegu zimekataa."

"Ulizianika?"

"Nilizianika vizuri sana, Mama. Zilikuwa kavu kabisa."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kokwa ya parachichi, mwanangu, wewe huianika?"

Mama hajawahi kuuona mwaloni, lakini alikuwa amelielewa jambo ambalo mimi, niliyekuwa nimeukumbatia mti wenyewe, sikuwa nimeliona. Kokwa ya mwaloni ni ya ukoo mmoja wa tabia na kokwa za embe na parachichi: ni chombo cha maji na chakula kilichokusudiwa kuota upesi, na ikikauka kupita kiasi inakufa, wala hakuna kuilowesha kutakakoifufua. Haiwezi kuwekwa ghalani miaka kadhaa kama mahindi. Benki za mbegu duniani, ambazo huhifadhi mbegu za mazao kwa kuzikausha na kuzigandisha, hazina njia rahisi ya kuihifadhi mialoni, na ndiyo sababu mialoni iliyo hatarini hulindwa kwa kupandwa ikiwa hai katika bustani za mimea.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimejifunza, lakini mti wa jirani haukuzaa. Mwaloni huu hutoa mavuno mazuri kila baada ya miaka miwili au mitatu, na katikati huweza kuangusha kokwa chache tu ambazo kindi huzimaliza kabla hujavaa viatu. Nilikwenda kwenye eneo la kuegesha magari la kanisa letu, ambako palikuwa na mialoni kadhaa yenye majani yaliyokatwakatwa sana, nikaokota kokwa, nikaziweka kwenye jokofu zikiwa na unyevu, na majira ya kuchipua yalipofika zikaota zote. Nilifurahi kwa wiki tatu. Majani yalipotanuka nikaona kwamba kila ncha ya jani inaishia kwa unywele mwembamba mkali, nami nikajua kwamba nimeotesha mti mwingine.

Hapa sina budi kuingia katika utambuzi kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo nilipopotea. Mialoni ya Minnesota iko katika makundi mawili makubwa. Katika kundi la mialoni myeupe, ambamo mti wa jirani yangu umo, zile sehemu za jani zinazotokeza pembeni ni za mviringo kama ndewe za sikio, na kokwa hukomaa katika mwaka uleule ua lake lilipotoka. Katika kundi la mialoni myekundu ndewe za jani huchongoka na kuishia kwa unywele, na kokwa huchukua miaka miwili kukomaa, kiasi kwamba ukilitazama tawi moja wakati wa kiangazi unaweza kuona vikokwa vya mwaka huu, vidogo kama punje ya pilipili manga, vikiwa pamoja na kokwa za mwaka jana zinazonenepa. Miti ya kanisani ilikuwa Quercus ellipsoidalis, ya kundi jekundu. Kokwa zake zilikuwa ndogo, karibu za mviringo, na kofia zake zilikuwa na magamba yaliyolala vizuri bila unyoya hata mmoja. Ningaliitazama kofia ningalijua palepale. Badala yake nililitazama jani kwa mbali, nikaona limekatika sana, nikatosheka.

Jani la bur oak lina umbo ambalo ukishalizoea huwezi kulisahau. Lina urefu wa sentimita 15 hadi 30, nusu yake ya chini ni nyembamba na imekatwa ndani, kisha katikati kuna mikato miwili mirefu inayoelekeana, ambayo hukaribia kuufikia mshipa mkuu, halafu nusu ya juu inapanuka kwa ghafula na kuwa pana yenye mawimbi mafupi ukingoni. Ni kama mtu aliyefunga mshipi kiunoni. Upande wa chini una rangi iliyopauka na vinyweleo laini. Hata hivyo simshauri mtu ategemee jani moja, kwa maana majani ya kivulini na ya juani katika mti mmoja hayafanani, na mche mchanga unaweza kutoa majani yasiyo na kiuno kabisa. Afadhali kuvikusanya vielelezo kadhaa: vijiti vya matawi machanga, ambavyo mara nyingi huwa na matuta ya gome laini kama kizibo cha chupa; machipukizi madogo butu yaliyosongamana kwenye ncha ya kijiti; na juu ya yote ile kofia yenye manyoya, ambayo hubaki ardhini majira yote ya baridi na kukuambia jina la mti hata kama hauna jani.

Mwaloni mweupe wenyewe, Quercus alba, una jani ambalo mikato yake yote inalingana kwa kina, gome lake hubanduka kwa magamba mepesi, na kofia ya kokwa yake ni fupi yenye vinundu. Quercus bicolor, unaopenda mabonde yenye maji, una kokwa zinazoning'inia kwenye kikonyo kirefu. Tatizo ni kwamba hiyo yote ni ya kundi moja na huzaliana yenyewe kwa yenyewe, na machotara yao yapo porini na kwenye vitalu, kwa hiyo kuna siku utasimama chini ya mti ukiwa na jani mkononi na kofia katika mkono wa pili, na vitu hivyo viwili vitakataa kukubaliana. Kundi jeupe na kundi jekundu, lakini, hayachanganyiki.

Mwaka 2014 mti wa jirani ulizaa kwa fujo. Safari hii sikuokota zilizoanguka kwanza, kwa kuwa kokwa zinazotangulia kuanguka mara nyingi ni zile zilizotobolewa na fukusi. Nilingoja wimbi la pili, katikati ya Septemba, nikachagua zile ambazo kofia ilitoka kwa urahisi bila kulazimishwa. Nilizitia kwenye ndoo ya maji usiku mmoja. Zinazoelea hutupwa, kwa sababu hewa iliyo ndani yake ina maana kwamba kiini kimesinyaa au kimeliwa, zinazozama huwekwa. Katika 60 nilizookota, 41 zilizama. Nilizifunga katika mfuko wa plastiki pamoja na mchanga wenye unyevu kidogo, mchanga ambao ukiukamua mkononi hautoi tone, nikauacha mdomo wa mfuko wazi kidogo ili zipumue, nikauweka chini kabisa ya jokofu. Kokwa za bur oak wa kusini huota mara tu zinapoanguka, lakini za kaskazini kwa kawaida hungoja mwezi mmoja au miwili ya baridi yenye unyevu, kana kwamba zinajua kwamba mche wa Oktoba hauwezi kuuona Aprili. Kufikia mwezi wa Machi kokwa zangu zilikuwa zimeanza kutoa vimizizi vyeupe ndani ya jokofu, na mke wangu akaanza kulalamika.

Kindi nao wana elimu yao juu ya jambo hili, nami huikumbuka kila ninapowaona uani. Kindi wa kijivu anapozika kokwa ya kundi jekundu huizika nzima, kwa sababu anajua itatulia mpaka majira ya kuchipua. Lakini akipata kokwa ya kundi jeupe, ambayo inaweza kuota kabla hajarudi kuila, mara nyingi huing'ata kwanza kwenye ncha na kukitoa kiinitete, ndipo aizike. Mnyama asiyejua kusoma hutofautisha makundi ambayo mimi nilishindwa kuyatofautisha kanisani.

Nilipanda mwishoni mwa Aprili 2015. Nusu niliziweka katika makasha marefu ya maziwa niliyoyakata chini, na nusu nilizipanda moja kwa moja ardhini, kila moja ikiwa imelazwa ubavu kwa kina cha sentimita tatu hivi, na juu yake nikafunika wavu wa chuma ulioshindiliwa udongoni pande zote. Wavu huo si pambo. Kokwa isiyofunikwa katika ua wenye kindi haimalizi siku mbili.

Aliyezoea kupanda mahindi atakata tamaa na mwaloni katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa anautazama upande usiofaa. Mche wangu bora ulifika sentimita 17 mpaka majani yalipopukutika, na bibi jirani alicheka aliponiona nikiupima kwa rula. Chini ya udongo, lakini, kazi ilikuwa nyingine. Watafiti waliochimba miche ya mti huu wamekuta mizizi iliyofika kina cha mita 1.37 mwishoni mwa msimu wa kwanza wa kukua. Mti huutuma mzizi wake mkuu kwenda kutafuta maji kabla haujajishughulisha na majani, na ndiyo maana miche iliyokaa kwenye makasha ilinionyesha tofauti mapema: mzizi ulipofika chini ulianza kujizungusha kama kamba iliyokunjwa, na hata baada ya kuhamishiwa ardhini miche hiyo haikuwahi kuifikia ile iliyopandwa palepale. Tangu hapo nimekuwa na shaka na mwaloni mkubwa unaouzwa katika ndoo ndogo kitaluni. Anayelazimika kutumia chombo na atumie kirefu kisicho na kitako, akiinue juu ya waya ili ncha ya mzizi ikatike yenyewe inapokutana na hewa, na asiukawize mche humo.

Adui mkubwa baada ya hapo si baridi. Mti huu huvumilia baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri bila kulalamika. Adui ni nyasi, ambazo hunywa maji yote ya juu kabla mche haujayapata, na meno. Nililiweka duara la matandazo ya vipande vya mbao lenye upana wa mita moja, nikihakikisha hayaligusi shina, na nilimwagilia maji kwa wingi mara moja kwa wiki katika miaka miwili ya mwanzo wakati mvua iliposita. Kuhusu meno, majira ya baridi ya pili nilisahau kuupandisha wavu juu zaidi ya usawa wa theluji, na sungura aliyesimama juu ya theluji ileile akaukata mche hadi kimo cha kifundo cha mguu. Niliusikitikia bure. Mwezi wa Mei ulitoa machipukizi matatu kutoka chini, nikaacha moja lililonyooka, na kufikia Septemba lilikuwa limekipita kimo cha zamani, kwa sababu mzizi ulikuwa na akiba.

Desemba 2017 nilikwenda nyumbani Meru, na katika sanduku langu nilibeba kipande cha ubao wa mwaloni mweupe kisichozidi urefu wa dhiraa. Nilimpa mjomba bila kumwambia ni nini. Alikigeuza, akakinusa, akakipima uzito kwa mkono mmoja, akakipiga randa mara mbili. Ubao ule ulikuwa umepasuliwa kwa namna inayoonyesha miale ya mti, ile mistari inayotoka kwenye moyo wa shina kwenda kwenye gome, ambayo katika mwaloni ni mipana kiasi cha kuonekana kwa macho na hung'aa kama magamba ya samaki.

"Huu si muuru," alisema.

"Mjomba, huu ndio mwaloni wenyewe. Ule wa Absalomu."

"Na wetu je?"

"Wetu ni mfudu mkubwa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanionyesha kitu ambacho sikukijua: alilowesha ncha ya ubao wa muuru kwa mate, akapuliza kutoka upande wa pili, na povu likatoka. Tulipofanya vivyo hivyo na kile kipande cha mwaloni, hapakutoka povu. Nilimweleza sababu yake, ambayo nilikuwa nimeisoma: katika kundi la mialoni myeupe matundu ya kupitishia maji huzibwa na vijipuli vinavyoitwa tailosi wakati mbao zinapozeeka ndani ya shina, na kwa ajili hiyo mapipa ya mvinyo na wiski hutengenezwa kwa mbao hizo bila kuvuja, ilhali mwaloni mwekundu unaweza kupuliza hewa ndani yake kama mrija. Mjomba alikitia kipande kile kwenye sanduku lake la vifaa, na sikuthubutu kukidai. Labda niseme pia, kwa faida ya waliosoma Biblia pamoja nami, kwamba mwaloni ambao wahujaji wa Hebron walionyeshwa kwa vizazi vingi kuwa ndio wa Abrahamu ni wa aina ya majani madogo magumu yasiyopukutika, kwa hiyo hata huo na wangu wa Minnesota ni ndugu wa mbali.

Swali ambalo mjomba aliniuliza jioni ile lilikuwa zuri kuliko yote: gome nene namna ile ni la kazi gani katika nchi ya theluji? Jibu ni moto. Sehemu kubwa ya kusini mwa Minnesota, kabla ya walowezi kuifikia katika karne ya 19, ilikuwa mbuga za nyasi ndefu zenye mialoni iliyotawanyika, mandhari ambayo mtu wa Afrika Mashariki angeitambua upesi kwa sababu inafanana na nyika za migunga. Mbuga hizo ziliungua mara kwa mara, nyingine kwa radi na nyingi kwa mikono ya watu wa Dakota na mataifa mengine ya asili waliotumia moto kuyarudisha majani mabichi na wanyama. Miti yenye gome jembamba iliteketea, lakini bur oak mkubwa ulisimama, na ule mdogo ulioungua ulichipuka tena kutoka kwenye mzizi, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja ukapata nafasi ya kuinua kichwa juu ya miali. Walowezi walipozima moto na kulima, misitu mizito iliingia na kuifunika mialoni ile iliyohitaji jua, na leo imebaki chini ya asilimia moja ya mbuga hizo. Katika hifadhi ya utafiti ya Cedar Creek, kaskazini mwa Minneapolis, wamekuwa wakichoma sehemu za mbuga kwa mpango tangu mwaka 1964 ili kuona kinachorudi. Nilikwenda huko na watoto wangu mwezi wa Juni, tukasimama katikati ya nyasi na mialoni, na binti yangu mdogo akauliza twiga wako wapi.

Naja sasa kwenye kosa langu kubwa zaidi. Wale miche wa kanisani, walionidanganya mwaka 2013, sikuwang'oa wote. Mmoja niliuacha nyuma ya nyumba, nao, kama ilivyo desturi ya kundi jekundu, ulikua haraka kuliko ule niliouthamini. Mwezi wa Juni 2019 nilichukua msumeno nikaupogoa, kama tunavyopogoa kahawa, bila kuuliza mtu. Mwishoni mwa Julai majani ya juu yalianza kupoteza rangi kutoka ukingoni kuelekea ndani, mengine yakaanguka yakiwa nusu kijani, na kabla ya Septemba mti ulikuwa mfu. Sampuli ya tawi ilipelekwa maabara, na jibu likawa ni mnyauko wa mwaloni, ugonjwa wa kuvu uliotambuliwa kwa mara ya kwanza katika jimbo jirani la Wisconsin mwaka 1944. Kuvu hii huota chini ya gome la mialoni myekundu iliyokufa na kutoa harufu ya matunda inayowavuta mbawakawa wadogo, nao wakisha kujipaka vijimbegu vyake huruka kwenda kunywa utomvu kwenye jeraha bichi la mti mwingine. Jeraha hilo nililitengeneza mimi, katika mwezi mbaya kuliko yote. Huku mwaloni haukatwi kuanzia Aprili hadi Julai. Hukatwa wakati wa baridi, na tawi likivunjwa na dhoruba katika miezi hiyo jeraha hupakwa rangi papo hapo.

Ugonjwa huo pia hupita chini ya ardhi, kwa kuwa mizizi ya mialoni ya aina moja inayokaribiana huungana na kupeana maji kama mabomba ya mtaa. Kilichouokoa mche wangu wa 2015 ni kwamba mizizi ya makundi tofauti huungana kwa nadra, na kwamba bur oak unapoambukizwa hustahimili zaidi na hufa polepole, wakati mwingine tawi kwa tawi kwa miaka. Hauko salama kwa kila kitu. Upo ugonjwa mwingine ulioanza kuonekana miaka ya 1990, unaoushambulia mti huu hasa. Hubadilisha mishipa ya upande wa chini wa jani kuwa ya zambarau, huanzia matawi ya chini kwenda juu, na huacha vikonyo vya majani makavu vikishikilia mti majira yote ya baridi. Nilitazama mti wa jirani kwa darubini Januari nzima nikitafuta vikonyo hivyo, na niliviona viwili vitatu upande wa kaskazini. Mti wenye umri huo unaweza kuishi navyo muda mrefu.

Bibi jirani alihamia kwa mwanawe mwaka 2021, akawaachia wanunuzi wa nyumba barua ya kurasa mbili kuhusu mti wake. Najua kwa sababu walikuja kuniuliza maana ya mambo fulani yaliyoandikwa humo. Mwaloni wangu ulipomaliza msimu wake wa tisa ulikuwa mita 2.4, shina lake lingeweza kuzungushwa na kidole gumba na cha shahada, na vijiti vyake vilikuwa vimeanza kupata yale matuta ya kizibo. Kwa kawaida mti huu hauzai kabla ya miaka 35 hivi, na huzaa vizuri zaidi ukiwa na miaka kati ya 75 na 150. Mama aliposikia hesabu hiyo kwenye simu aliniuliza kama siku hizi huku wanauza parachichi.

Mwezi wa Septemba uliopita mti wa jirani ulizaa tena kwa fujo. Wenye nyumba wapya waliniruhusu kuokota, nami nikangoja wimbi la pili, nikaloweka usiku mmoja, na zilizozama zilikuwa 22. Ziko chini ya jokofu, karibu na sukuma wiki, katika mfuko ambao mke wangu ameuandika kwa kalamu nene nyeusi: SI KARANGA.